Jirani Alisema Mahindi Yangu Hayatazaa, na Kweli Hayakuzaa

Mpendwa mshauri Janefer,

Naomba msaada wako, na unisamehe kama maneno yatarukana, kwa sababu tangu wiki iliyopita akili yangu haijakaa mahali pamoja, nikishika ufagio nasahau nilitaka kufagia wapi, nikiweka chai jikoni inachemka hadi inakauka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeolewa upande huu wa Kimulot, na karibu maisha yangu yote nimechuna majani kwenye shamba kubwa la chai, tangu nikiwa msichana hadi mwaka jana, mashine za kuchuna zilipoletwa na sisi wa mikono tukaambiwa asanteni, basi nikarudi nyumbani, na mume wangu Kipkirui akanipa nusu eka iliyo chini ya nyumba, ambayo ilikuwa ya marehemu mama yake, akaniambia, "Hii sasa ni yako. Tulishe."

Sasa mshauri, shamba ninalolijua mimi ni la chai. Kwenye chai nyapara wetu alikuwa akipita na akiona mahali udongo unaonekana anapiga kelele hadi kilima cha pili, kwa sababu chai nzuri hufungana, juu inakuwa sawa kama meza, jua lote linaangukia majani na chini hakufiki kitu, na penye mwanya ni hasara, panachomekwa mche mwingine hapo hapo. Hilo ndilo nililokua nalo. Nikakumbuka jinsi mama mkwe, Mungu amlaze pema, alivyokuwa akipanda mahindi yake, mistari imeachana mpaka mbuzi wawili wanaweza kupigana katikati, jua linachoma udongo mtupu tangu asubuhi hadi jioni, nikasema moyoni, huyu mama alikuwa anamwaga jua bure miaka yote hiyo.

Mwezi wa tatu mvua iliposhika nikapanda, shimo kwa shimo nilipima kwa shubiri ya mkono wangu, mstari kwa mstari nilitia unyayo mmoja na kidogo, kila shimo mbegu tatu, mbolea sikubania, na palipobaki mwanya baada ya kuota nikarudi nikachomeka nyingine, maharagwe sikuweka kwa sababu nafasi ya maharagwe haikuwepo. Na mahindi yakatoka, mshauri, ungeyaona! Yakafunga mapema kuliko ya mtu yeyote hapa, magugu yakakosa pa kupumulia, wenzangu wanapalilia mara ya pili mimi nimeketi nje nasuka nywele za mtoto, yakaenda juu, yakapita paa la jikoni, watu wakitoka kupima majani yao ya chai walikuwa wanasimama barabarani na kupiga picha, na mimi nikajiona mkulima, sikufichi.

Sasa nikuambie juu ya jirani yangu, Mama Duke. Yeye na marehemu mume wake walitoka upande wa Kisii wakanunua hapa kabla mimi sijaolewa, analima mboga na kufuga ng'ombe, kanisani tunaimba safu moja, na siku mtoto wangu wa mwisho alipozidiwa na homa nikiwa kwenye chai, ni yeye aliyempeleka hospitali ya Kapkatet, hilo siwezi kukataa. Mwezi wa tano, mahindi yangu yakiwa yamefika magotini, alikuwa anatoka mtoni na mtungi wake, akasimama kwenye ua wetu, akatazama shamba kwa muda, kisha akasema, "Tecla mwanangu, hii mahindi umepanda kama chai. Ikifunga hivi, haitaona jua. Haitazaa. Ng'oa nusu upatie ng'ombe, bado haijachelewa." Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mama Duke, wewe angalia sukuma wiki yako, mimi na hii mahindi tutaonana Novemba." Akasema sawa, akaenda zake.

Mwezi uliofuata mtamba wake akavunja ua akaingia shambani kwangu, akala na kukanyaga kipande cha katikati, ukubwa wa sebule, akabakisha mashina machache yamesimama peke yao hapa na pale. Nililia siku hiyo. Mama Duke alikuja kuomba msamaha na maziwa kwenye jagi, nikayapokea mbele yake, alipoondoka nikampa mbwa.

Halafu Julai majani ya chini yakaanza kugeuka manjano na kukauka, nikadhani ni baridi ya huku kwetu, juu bado kulikuwa kijani kibichi, sikujali.

Basi Novemba ikafika. Kikundi chetu cha akina mama tunavunjiana mahindi kwa zamu na siku hiyo ilikuwa kwangu, nimepika ugali na kuku, nimeazima magunia, watu wamejaa. Winny, mke wa shemeji yangu, ndiye aliyekuwa mbele. Akashika bua la kwanza, akavunja, akamenya. Akamenya la pili. Kisha akaniita kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka, "Woi! Tecla! Kuja uone!" Nikaenda. Mkononi alikuwa na gunzi dogo kama kidole changu, lina punje tano zimejikunja upande mmoja. Nikavunja langu mwenyewe, nikamenya ganda la kwanza, la pili, la tatu, nikafika mwisho na ndani hamna kitu, mshauri, ganda tupu kama bahasha! Nikavunja lingine, hivyo hivyo. Mengine hayakuwa hata na ganda la kumenya, ni fimbo ndefu tu, nyembamba, zenye maua makavu juu, na nyingi zimeanguka zikilaliana. Nimezaa watoto watatu na nimezika mama yangu, lakini kushtuka kama siku hiyo sijawahi.

Wanawake wakaendelea kumenya hadi wakafika pale katikati alipoingia mtamba wa Mama Duke. Pale palikuwa na mahindi! Yale mashina machache aliyoyabakisha yamezaa mahindi mazito, mengine mawili kwa bua moja, punje zimejaa hadi nchani. Na mstari wa mwisho unaopakana na Mama Duke, nao umezaa. Na ule wa kando ya barabara pia ulikuwa na kitu. Lakini kwingine kote, nusu eka nzima niliyoipigia magoti, hakuna. Tukatazamana, kuvunja kukakoma, mabua mengi bado yamesimama hadi leo. Nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema, "Mama Duke alisema haitazaa." Hakuna aliyeuliza lingine.

Kabla majani ya chai ya siku hiyo hayajapimwa, habari ilikuwa imefika kituoni. Watu wakasema amevuta mavuno yangu yote yakaenda pale ng'ombe wake alipokanyaga na pale panapotazama nyumba yake, na mimi niliposikia hivyo nikaona ni kweli, kwa sababu ingekuwaje tena? Mmoja akakumbuka ng'ombe wake aliyetupa mimba, mwingine akakumbuka pikipiki yake ilizima mbele ya lango la Mama Duke. Mkusanya maziwa akaambiwa asichanganye maziwa ya yule mama na ya wengine. Jumapili kanisani Mama Duke aliketi kwenye benchi letu peke yake, mimi nilikwenda kuketi nyuma. Jumatatu jiwe likaanguka juu ya bati lake. Jumanne ua wake ulikutwa umekatwa, na kuna vijana wamemtumia mwanawe Duke, aliye Nakuru, ujumbe kwamba aje amchukue mama yake kabla hawajamtoa wenyewe kwa moto.

Wazee wameitisha mkutano Jumamosi ya wiki ijayo pale pale kituo cha kupimia majani, na wamesema neno langu ndilo litakaloamua kama atahama au atakaa, kwa sababu shamba ni langu na mimi ndiye niliyemsikia kwa masikio yangu. Kipkirui alisema mara moja tu, "Uliza mtu wa mahindi kwanza," ndiyo sababu nakuandikia, kwa maana nakusoma kila wiki na najua kwako Sosiot unalima na kufuga. Jana Mama Duke alikuja mlangoni kwangu. Aliniuliza, "Tecla, nimekukosea nini?" Nikafunga mlango, nikabaki nimesimama kwa ndani, nikamsikia akipumua, halafu akaenda.

Nisaidie, mshauri. Niseme nini Jumamosi? Ule udongo niuombee kwanza ama niuache upumzike? Na ni dhambi kweli jirani akihamishwa kama ameharibu chakula cha watoto? Jina lake kamili nimeliandika hapo chini, tafadhali lichape gazetini ili watu wote wa Kericho na Bomet wamjue.

Ni mimi niliyeshtuka,
Tecla, Kimulot.

*

Tecla,

Jina hilo nimekupa mimi, na Mama Duke pia si jina lake, wala Winny si Winny. Lile jina ulilotaka nilichape nimelikata kwa wino mweusi, na karatasi yenyewe nimeifungia kabatini. Nilianza kusoma barua yako nikiwa nimesimama na kikombe mkononi. Nilipofika kwenye jiwe la batini, nikaketi. Nilipofika kwenye moto, kikombe nikakiweka chini, na chai hiyo sikuinywa tena.

Dawati hili hupokea waume waliopotea, mama wakwe wanaofunua sufuria za watu, na wasichana wanaotaka kujua kama mwalimu wa kwaya anawapenda. Nimezoea kushtuka kidogo kidogo. Lakini haijawahi kutokea mtu aniletee ushahidi wote wa kumwokoa mwenzake, ameupanga vizuri mstari kwa mstari, kisha aniombe nimsaidie kumfukuza! Barua za wengine zitasubiri wiki hii. Nimekupigia simu tangu juzi, imezimwa. Ndiyo maana nakujibu hapa mbele ya watu, na gazeti hili litakufikia Alhamisi. Mkutano wenu ni Jumamosi. Una muda, kama hutaupoteza kwa kulia.

Pole kwanza. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu kumenya ganda mpaka mwisho ukakuta hamna kitu, mbele ya wanawake uliowapikia kuku, ni jambo la kuvunja mtu. Watoto wako watakula nini ni swali halisi na nitalirudia. Lakini pole hiyo inaishia hapa.

Hakuna aliyeroga mahindi yako. Uliyapanda vibaya.

Sikiliza vizuri, maana hili utalieleza Jumamosi. Wazo lako la jua halikuwa la kijinga. Jua likipiga udongo mtupu linapotea kweli, na mama mkwe wako kwa mistari yake ya mbuzi kupigana alikuwa akipoteza mavuno kila mwaka. Ukisogeza mahindi karibu kidogo, majani yanafunika udongo mapema, yanashika jua zaidi, yananyima magugu nafasi, na shamba linatoa zaidi. Hapo ulikuwa sawa. Ungesimama hapo leo ungekuwa unaniandikia kuhusu mahali pa kuweka magunia.

Hukusimama. Ulifunga shamba kama chai, na chai si mahindi. Kwenye chai tunachukua jani. Mmea wenyewe hatuutaki uzae, tunaukata kichwa ubaki mfupi, tunachuma vijani vya juu vinavyooga jua, na kinachoendelea gizani chini ya ile meza si shida ya mtu. Kwenye mahindi tunataka mtoto, na mtoto anabebwa katikati ya bua, si juu. Jani ndilo jiko la mmea na jua ndilo kuni zake. Shamba lako lilikuwa na majiko mengi ajabu, na kuni zote ziliishia kwa majani ya juu kabisa. Ya chini yakakaa gizani bila kupika, yakageuka manjano, yakakauka. Uliyaona Julai kwa macho yako, ukasingizia baridi!

Na kila shina lilipojiona limezibwa na jirani zake, likakimbia juu kutafuta mwanga. Ule urefu uliopigwa picha barabarani haukuwa afya, Tecla, ilikuwa ni njaa. Nguvu zote zilienda kwenye shingo, bua likabaki jembamba, ndiyo sababu mengi yalilala. Mbolea na maji navyo viligawanywa kwa midomo mingi mno. Wakati wa kuzaa ulipofika, ua la juu likatoka na kumwaga unga wake, lakini ndevu za hindi, zile zinazotakiwa kuupokea unga huo, zikachelewa au hazikutoka kabisa, kwa sababu mmea wenye njaa humnyima mtoto kwanza. Ndevu zilipochungulia unga ulikuwa umekwisha. Punje tano zilizojikunja upande mmoja ndizo zilizobahatika.

Sasa njoo kwa mtamba. Nilicheka, nisamehe, nilicheka peke yangu ofisini na mhariri akafungua mlango kuangalia kama niko salama. Mwezi wa sita, kabla ya maua, ng'ombe wa jirani aliingia akala mahindi mengi na kubakisha machache yaliyosimama mbalimbali. Machache hayo yakapata jua toka juu hadi chini, yakazaa mawili mawili. Mtamba yule alifanya kazi ile ile uliyoambiwa uifanye Mei. Na mstari unaopakana na Mama Duke ulizaa kwa sababu upande mmoja hauna mahindi ya kuuziba, basi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba wa kando ya barabara nao ulikuwa na kitu. Barabara nayo imekuroga? Nenda leo hii uangalie upande wa tatu na upande wa nne, ule wa kwenye nyumba yako na ule uliobaki. Kama mabua hayo hayajaguswa, utakuta mahindi pande zote nne. Mchawi gani huyo anayegawa mavuno hadi nyuma ya jikoni kwako?

Sasa nifike mahali ambapo nimekasirika.

Mimi umeniandikia maneno yote ya Mama Duke. Alisema umepanda kama chai. Alisema hayataona jua. Alisema hayatazaa. Alisema ung'oe nusu upatie ng'ombe, na kwamba bado haijachelewa. Umeyakumbuka neno kwa neno baada ya miezi sita. Lakini siku ya kuvunja, mbele ya wanawake waliokuwa wamepigwa na bumbuazi na wanatafuta mtu wa kumshika, ulitoa neno moja tu katikati ya hayo yote. "Haitazaa." Yaliyotangulia ukayameza, yaliyofuata ukayameza. Ushauri wa mama ukatoka kinywani mwako ukiwa laana. Unasema ulisikia mdomo wako wenyewe ukisema, kana kwamba mdomo ni wa mtu mwingine. Ni wako. Uliona aibu, na aibu hiyo ukaitupa juu ya bati la mjane.

Na usiniambie hukujua vijana wangefika wapi. Unaishi hapa. Sote tunaishi hapa, tunajua neno la uchawi likishatamkwa juu ya mama mzee, tena mwenye jina la kutoka ng'ambo ya kilima, linaenda wapi. Halihitaji kusukumwa. Watu waliokula mboga zake miaka yote hiyo wamekumbuka ghafla pikipiki iliyozima! Pikipiki inazima kwa sababu mwenyewe hajatia mafuta. Naona aibu kwa ajili yenu wote, na kwa ajili ya lile benchi la kanisa zaidi.

Unaniuliza kama ni dhambi jirani akihamishwa. Tecla, mtu huyu alimbeba mtoto wako hospitali. Swali hilo usiniulize mimi, muulize huyo mtoto.

Utakachofanya ni hiki. Ukimaliza kusoma, washa simu. Vijana waliotishia moto unawajua kwa majina, na kuchoma nyumba ya mtu ni jinai, si mila ya mtu yeyote. Nimeshapiga simu ofisi ya chifu wa kwenu na wanangoja yako, kwa sababu mimi nina barua tu, wewe una majina. Mpigie Duke pia umwambie ukweli, asije akamhamisha mama yake kwa hofu kabla ya Jumamosi.

Mabua usiyakate hata moja. Jumamosi, kabla mtu hajaketi, waambie wazee watembee hadi shambani kwako. Wasimamishe katikati, wamenye wenyewe. Kisha wapeleke pale mtamba alipoingia, wamenye. Kisha pembeni, pande zote nne. Usieleze kitu hadi wamalize, wale ni wakulima, wataanza kutazamana. Ndipo uongee, na useme sentensi nzima kama ulivyoniandikia mimi, kuanzia "Tecla mwanangu". Ukishindwa kuanza, nitakusaidia, maana nitakuwepo. Natoka Sosiot asubuhi na ukurasa huu mkononi. Usiposimama wewe, nitasimama mimi na kuusoma, na hapo nitaomba ruhusa ya kuyataja majina halisi, la kwako likiwa la kwanza.

Udongo hauhitaji kuombewa wala kupumzika, haujakosa. Machi panda tena, nafasi ya futi mbili na nusu kati ya mstari na mstari, futi moja kati ya shimo na shimo, mbegu mbili, na yakifika magotini ng'oa dhaifu ubakishe moja. Mkono utakuuma kung'oa kilicho kijani, umefundishwa kuziba mianya maisha yako yote. Ng'oa hivyo hivyo. Mwaka huu wa njaa, kikundi chenu kilichopewa kuku kinaweza kukukopesha debe moja moja la mahindi, mna zamu ya kuvunjiana, muwe na zamu ya kulishana. Na yale mabua makavu usichome. Katakata ulishe ng'ombe, na mzigo wa kwanza umpelekee yule mtamba, kwa sababu ndiye pekee aliyekuvunia kitu mwaka huu.

Lakini hayo ni ya Jumamosi na ya Machi. Leo kuna moja. Mama huyu alikuja mlangoni kwako, jiwe limeshapiga bati lake, ua wake umekatwa, na hakuja kugombana wala kukulaani. Alikuuliza swali, ukafunga mlango ukasimama kwa ndani ukimsikiliza akipumua. Swali lile bado liko hapo. Gazeti likunje, uliweke chini, uvuke ua. Akichelewa kufungua, ngoja nje, na akikataa, sema ukiwa hapo hapo, kwa sauti ambayo majirani watasikia.

Alitaka kujua amekukosea nini. Nenda umwambie: hakuna.

Janefer